Pikapu ya Sengerema Siku ya Uhuru

Waliniaga kazini mwezi uliopita kwa soda na hotuba. Soda ilikuwa ya moto, hotuba ilikuwa baridi. Mkuu wa karakana alisoma vyeo nilivyopitia, vingine hata mimi nilikuwa sijapata kuvisikia, kisha akanikabidhi saa ya ukutani, zawadi inayomfaa sana mtu ambaye hatakiwi tena kuwahi mahali popote. Ninyi vijana mlikaa nyuma mkisubiri pilau. Mmoja wenu alinifuata getini akaniomba niandike mambo ya zamani, ya kabla ya mashine za kuinulia magari. Basi naandika. Vyeo na mishahara sitavigusa, maana vyeo havikunifundisha kitu na mishahara haina cha kusimuliwa. Nitawaeleza habari za fundi aliyenifundisha, na ekseli moja ya nyuma iliyotutoa jasho mwaka wa Uhuru.

Niliingia Mwanza kutoka Majita katikati ya miaka ya hamsini, nikiwa mtu mzima mwenye mke na mtoto. Kabla ya hapo nilikuwa nikipaka grisi mitambo ya kuchambulia pamba, kazi ambayo mtu anaweza kuifanya miaka na miaka asijue mtambo wenyewe unafanya nini. Gereji iliyonipokea ilikuwa kando ya barabara ya kwenda Pasiansi, ziwa upande mmoja, mlima wa mawe upande wa pili. Mali yake yote ilikuwa banda la mabati, shimo la kuingilia chini ya gari, sanduku la spana, na Fundi Feruzi mwenyewe.

Fundi Feruzi alikuwa mtoto wa mjini. Baba yake alitoka pande za Kongo, mama yake alikuwa Msukuma, naye alikulia mitaa ya Waislamu karibu na soko. Alikuwa mfupi, mkavu, na kofia yake, ambayo zamani ilikuwa nyeupe, hakuivua hata akiwa chini ya gari. Hakupenda wateja wanaojua. Mteja akimwambia kuwa anadhani ni kabureta, Fundi alimpa bisibisi akamkaribisha aendelee.

Siku yangu ya kwanza hakuniuliza nimesoma wapi wala najua nini. Aliniuliza mkono wa kulia uko wapi. Nikainua. Akaniambia niingie chini ya lori kwa nyuma, nilale chali, kichwa kikielekea mbele, kisha akaniuliza tena. Nikainua mkono ule ule, nao ukagonga tairi lililo kushoto kwa dereva.

"Umeona?" akasema. "Fundi wa juu akisema kulia, wa chini anafunga kushoto, gari linakufa. Hapa kwangu hakuna kulia wala kushoto. Kuna upande wa ziwa na upande wa mlima. Ziwa halihami."

Ndivyo tulivyofanya kazi. Kila gari liliingia gerejini likiwa limeelekea upande mmoja, kaskazini, na kila kifaa kilichofunguliwa kilipigwa alama kwa rangi nyeupe: Z kama kilitoka upande wa ziwa, M kama kilitoka upande wa mlima. Nisije nikaonekana namdharau mwalimu wangu, nasema wazi kuwa utaratibu ule ulikuwa mzuri. Kwa miaka yote niliyokuwa pale sikuona breki iliyofungwa kinyume wala beringi iliyopotea njia. Tatizo ni kwamba mzee aliuzoea hadi nje ya kazi. Jino likimuuma, alisema linamuuma la upande wa mlima, na sisi ilitubidi tumwulize alikuwa ameelekea wapi lilipoanza.

Mambo mengine aliyonifundisha ninyi mnayapata vitabuni, lakini nitayataja machache. Usipime oili ya difu, lile tumbo la gia katikati ya ekseli ya nyuma, kwa kuangalia. Ingiza kidole kwenye tundu, kitoe, kisugue na kidole gumba. Ukisikia mchanga, si mchanga, ni meno ya gia yanaondoka kidogo kidogo. Hafshafti, kile chuma kinachozungusha gurudumu, ikikatika, tazama pale ilipokatikia. Pakiwa peusi nusu na nusu panang'aa, basi ilikuwa na ufa tangu zamani, na dereva anayekuapia kwamba imekatika leo anasema ukweli nusu. Madereva wengi husema ukweli kiasi hicho.

Mwaka wa Uhuru ulipofika, mji mzima ulishikwa na kamati. Ilikuwepo kamati ya ngoma, kamati ya vyakula, kamati ya kupaka chokaa mawe ya kando ya barabara, na juu ya zote kamati kuu, ambayo kazi yake ilikuwa kuhakikisha hizo nyingine hazikubaliani jambo bila yenyewe kuwepo. Mwenyekiti wa kamati kuu alikuwa muuza vitambaa mwenye umbo kubwa na sauti nzuri, ambaye pia alikuwa diwani. Tulimwita Bwana Mwenyekiti, na nafikiri hata mkewe alimwita hivyo.

Kamati ilikaa vikao kadhaa kujadili gari litakaloongoza maandamano. Serikali iliyokuwa ikiondoka ilijitolea kutoa gari lake. Likakataliwa, kwa sababu hatuwezi kuingia kwenye Uhuru kwa gari la kuazima. Magari ya wenye maduka makubwa nayo yakakataliwa, kwa sababu yalikuwa mazuri mno na watu wangeyatazama yenyewe. Lilitakiwa gari la mwananchi. Mwananchi mwenye gari ambaye pia alikubali kulitoa alipatikana mmoja tu, Bwana Mashauri wa Sengerema, mnunuzi wa pamba. Pikapu yake ilikuwa imezeeka kiasi kwamba ukifunga mlango mmoja, wa pili unafunguka. Kamati ikaisifu kuwa ni ya kizalendo.

Wiki chache kabla ya sherehe, habari zikavuka maji kuwa pikapu ya kizalendo imevunjika ekseli ya nyuma. Siku hiyo Bwana Mwenyekiti alikuja gerejini mwenyewe, kwa miguu, akiwa na mwavuli.

Hapa ni lazima niwaeleze jambo la kiwanja, maana bila hilo hamtaelewa kwa nini Fundi alikosa usingizi. Pale gerejini tulikuwa kwa ruhusa ya muda. Muda wenyewe ulikuwa umeanza kabla mimi sijafika na hakuna aliyejua utakwisha lini, mpaka baraza la mji lilipopata wazo la kujenga bustani. Raia wa nchi huru, walisema, atahitaji mahali pa kukaa alitazame ziwa. Mahali walipopapenda ni pale palipokuwa na shimo letu. Fundi alikuwa amekwisha kwenda barazani mara nyingi kujieleza, akaambiwa kila mara kuwa jambo lake linashughulikiwa. Alikuwa na umri ambao mtu haanzi tena. Wanawe walikula kutokana na banda lile, na mimi na wangu vilevile.

Bwana Mwenyekiti alikagua mabati, akakagua shimo, kisha akasema pole pole:

"Mzee Feruzi, pikapu ile ikitangulia siku ya Uhuru, mimi mwenyewe nitasimama barazani kukutetea. Isipotangulia, sitakuwa na la kusema."

"Itatangulia, Bwana Mwenyekiti," Fundi akajibu. Alipoondoka yule bwana, Fundi aliketi juu ya kichwa cha injini mbovu, akashika spana bila kufungua chochote.

Tulivuka kwa pantoni kwenda Sengerema. Pikapu tuliikuta kando ya ghala la pamba, imeelekea kaskazini, gurudumu la nyuma limechomoka na kulala pembeni kama mtu aliyekata tamaa. Dereva wake, Petro, kijana mwenye adabu nyingi, alitupa shikamoo sote wawili ingawa mimi sikumzidi sana umri. Alieleza kwamba alikuwa akienda taratibu, amebeba pamba kidogo, na ekseli ikajikatikia tu. Kinyesi kilichokuwa kwenye bodi kilitueleza habari za ng'ombe ambaye Petro alimsahau.

Tulipofungua difu haikutoka oili, ulitoka uji mweusi. Sili, mpira wa kuzuia oili isivuje, ilikuwa imechoka, oili yote imevujia barabarani, beringi zimekufa, hafshafti imekatika, na krauni imebaki na meno ya bibi kizee. Kwa ambao hamjawahi kuifungua ya aina ile: krauni ni gurudumu kubwa la meno, pana kama sinia, linalokaa ndani ya ekseli na kuzungushwa na gia ndogo ya mbele yake iitwayo pinio. Krauni ikikaa upande wake unaotakiwa, gari linakwenda mbele. Ikikaa upande wa pili wa pinio, magurudumu yanazunguka kinyume. Ekseli za siku hizi hazikubali kufungwa vibaya. Ile ya zamani ganda lake lilikuwa sawasawa pande zote, nalo lilipokea chochote bila kulalamika.

Kabla ya kutoa kitu, Fundi alifanya alivyozoea. Alichukua kopo la rangi nyeupe. Lakini pale ghalani ziwa halionekani, hivyo akawauliza wapagazi ziwa liko wapi. Wakamwonyesha wote kwa pamoja, na walimwonyesha kweli. Akapiga Z upande huo na M upande wa pili, kwa uangalifu, kifaa kimoja baada ya kingine. Sijapata kuona mtu akiwa makini namna ile. Vifaa tukavitia kwenye magunia, pikapu tukaipandisha kwenye lori la pamba kwa mbao na kelele, tukarudi Mwanza.

Nadhani wenye akili mmekwisha kuona. Sengerema iko ng'ambo ya ghuba. Ukiwa Mwanza umeelekea kaskazini, maji yako kushoto kwako. Ukiwa Sengerema umeelekea huko huko, maji yako kulia. Ziwa halikuhama, kama Fundi alivyosema. Sisi ndio tuliovuka.

Krauni na pinio tulivipata kwenye gari bovu la aina ile ile lililokuwa likiota majani kwenye uwanja wa kiwanda cha pamba. Chukueni vyote viwili pamoja, msichanganye cha huku na cha kule, maana vimezoeana. Fundi akahamisha alama kutoka vya zamani kwenda vipya. Kupima meno yanavyoshikana tulipaka masizi ya sufuria yaliyochanganywa na mafuta, tukazungusha, tukaona meno yanagusana wapi. Nafasi kati ya jino na jino tuliipima kwa karatasi ya pakiti ya sigara: ikipita kwa shida bila kuchanika, imetosha. Beringi zikaingia, sili mpya ikaingia, hafshafti zikaingia. Z kwenye ziwa, M kwenye mlima. Kazi ilikuwa safi kabisa.

Tuliijaribu ikiwa juu ya magogo. Petro aliwasha injini akaingiza gia, na sisi tukaweka vishikio vya bisibisi masikioni na ncha kwenye ganda la difu. Hakukuwa na mlio. Fundi alitabasamu, jambo alilokuwa akilifanya kwa kuchagua. Tulisikiliza sana. Magurudumu yanazunguka kuelekea wapi hakuna aliyeyatazama.

Adhuhuri ya siku moja kabla ya sherehe, vijana wa kamati walikuwa wamekwisha kuipamba pikapu kwa matawi na bendera pale pale gerejini. Tukaishusha chini. Petro akaingiza gia ya kwanza, akaachia klachi, na pikapu ikarudi nyuma ikabomoa rundo la mapipa. Fundi akamwambia atazame anachofanya. Petro akaomba radhi, akaingiza gia ya kwanza kwa kuitazama, na pikapu ikamaliza mapipa yaliyobaki. Kisha, labda kwa kukosa la kufanya, akaingiza gia ya kurudi nyuma. Pikapu ikaenda mbele, vizuri, taratibu, mpaka getini.

Fundi alilitazama ziwa. Akainua mkono kuelekea Sengerema, akaushusha. Kuifungua ekseli ile na kuifunga upya si kazi ya alasiri moja, na asubuhi yake ndiyo ilikuwa Uhuru.

"Petro," akasema hatimaye, "unaweza kuendesha mji mzima kwa gia ya kurudi nyuma?"

"Kwenda mbele?"

"Kwenda mbele."

Petro alifikiri. "Nikikumbuka, fundi, naweza."

Asubuhi Bwana Mwenyekiti alipanda nyuma ya pikapu pamoja na wazee, akashika chuma kwa mkono mmoja na kipaza sauti kwa mkono wa pili. Beni lilijipanga nyuma yetu, na mji wote nyuma ya beni. Mimi nilikaa mbele na Petro. Fundi alitembea kando ya mlango akiwa na kofia safi, uso umemkauka. Lazima nikiri kuwa gia ya kurudi nyuma ndiyo gia bora ya maandamano. Ni ya chini, ina nguvu, na haiwezi kukimbia hata ukiilazimisha. Tuliondoka sokoni kwa mwendo wa heshima, injini ikilia, na nikasikia watu wakisifu jinsi dereva alivyotulia. Petro alikuwa akinong'ona peke yake, "Nyuma ni mbele, nyuma ni mbele," kama mtu anayesoma dua.

Kwenye kilima kidogo kabla ya uwanja, wacheza ngoma wa nyoka walikuwa wamesimama katikati ya barabara wakimvalisha kiongozi wao chatu shingoni. Tukasimama. Walipoondoka, Petro alikuwa amemtazama chatu kwa muda mrefu mno. Mkono wake ukaenda wenyewe kwenye gia ya kwanza. Pikapu ikaruka nyuma, mpiga ngoma kubwa wa beni akakimbia akaiacha ngoma, na Bwana Mwenyekiti akaketi juu ya mapaja ya mzee mmoja bila kutarajia. Niliona Fundi amefumba macho.

Kisha Bwana Mwenyekiti akainuka, akapanga koti lake, akasema kwenye kipaza sauti:

"Ndugu wananchi, gari letu limepiga hatua moja nyuma kwa heshima ya ngoma za wazee wetu."

Watu wakashangilia mpaka mawe ya mlimani yakaitika. Akina mama wakapiga vigelegele. Petro akakumbuka, tukaenda mbele, na uwanjani Bwana Mwenyekiti akairudia habari ile kwa urefu. Alisema gari hilo ni mfano wa taifa, kwamba limetengenezwa kwa mikono yetu wenyewe, kwamba linajua kusonga mbele na linajua kuheshimu. Akamwita Fundi Feruzi jukwaani akamshika mkono mbele ya umma. Sijamwona mtu akipongezwa huku ana uso wa msibani kama yeye.

Tulidhani yamekwisha. Lakini hotuba zilipomalizika, Bwana Mwenyekiti alitujia akicheka, akataka pikapu hiyo hiyo impeleke Ilemela, uwanja wa ndege, kumlaki mgeni wa serikali. Alitaka mwendo wa kasi, maana alikuwa amechelewa. Nilijua Fundi angeweza kusema injini imechemka. Uongo wa injini kuchemka hakuna asiyeukubali. Kiwanja kilikuwa mkononi, ulibaki kuufumba mkono tu.

"Bwana Mwenyekiti," Fundi akasema, "gari hili nimelifunga vibaya. Linakwenda mbele kwa gia ya kurudi nyuma, na hiyo haikimbii. Pale kilimani halikuheshimu mtu. Lilikosea, kwa sababu mimi nilikosea."

Bwana Mwenyekiti alimtazama, akaitazama pikapu, akautazama umma uliokuwa bado unaizunguka na kuzigusa bendera zake. Nilimwona akiikumbuka hotuba yake, sehemu moja baada ya nyingine.

"Nani anajua?" akauliza kwa sauti ndogo.

"Mimi, Masatu huyu na Petro," Fundi akajibu, akinionyesha mimi.

"Basi na mimi. Na tuishie hapo."

Ilemela alikwenda kwa gari la serikali, lile la kuazima. Kikao cha kwanza cha baraza baada ya sherehe kilimpa Fundi Feruzi kiwanja kile moja kwa moja, na bustani ikapelekwa mahali pengine ambapo mpaka leo haijaota. Sisi tuliifungua ekseli siku iliyofuata Uhuru, tukaifunga inavyotakiwa, na pikapu ikarudi Sengerema ikiwa na gia zake zote kuelekea kunakostahili. Alama za Z na M Fundi hakuzipiga tena. Alianza kuandika "dereva" na "abiria", kwa mkono uliokuwa ukisita kidogo.

Mimi niliendelea naye miaka mingi. Wateja waliongezeka, wengine wakitoka mbali kumtafuta fundi wa gari la Uhuru. Baadaye baraza lilileta kibao cha chuma na kukipigilia getini, chenye maneno kuwa hapa ndipo lilipotengenezwa gari lililoongoza maandamano. Viongozi walikuja, Bwana Mwenyekiti akiwa mbele yao, sasa na cheo kikubwa zaidi. Walimwomba mzee aseme neno. Alisema asanteni, akarudi shimoni.

Walipoondoka nilimfuata, nikamwambia aache kununa, kwani kiwanja ni chake na wanawe wameshiba. Alikuwa akipangusa beringi kwa kitambaa, akiigeuza na kuigeuza.

"Masatu," akasema, "nimefunga magari katika mji huu tangu ujana wangu. Yale niliyoyapatia, hakuna hata mmoja aliyewahi kuniletea hata kiti cha kukalia. Hili moja nililolikosea, wamenipa ardhi."

Kisha akaniomba nimpe spana, akarudi chini ya gari.